Baba na Ndege ya Mama Anjela

Mpendwa Baba,

Jumapili iliyopita tulikusomea hitma kule Rutamba. Watu walikuwa wengi mpaka wengine wakakalia matofali ya jirani anayejenga. Upande wa wanawake wakataka mmoja wa watoto wako aseme machache, na kwa kuwa mtoto ni mimi peke yangu, sikuwa na wa kumsukumia. Nikasema ulivyofundisha hisabati maisha yako yote, ulivyopanda mikorosho, usivyokosa swala ya jamaa. Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Shangazi Hawa, dada yako, alikuwa amekaa mbele yangu. Masikio yamekuwa mazito lakini macho ni yale yale, akawa ananikazia kama mtu aliyenikamata nimeficha kitu. Tulipokuwa tunakunja mikeka akanivuta pembeni.

"Umemsifu vizuri," akasema. "Lakini mbona ndege hukuitaja?"

Nikamjibu kwamba spika ilikuwa inasikika mpaka walipokaa masheikh. Akasema masheikh wote wa Lindi wa rika lako walikuwa wanaijua habari ya ndege, na wawili kati yao waliwahi kuirusha. Tangu siku hiyo sina raha. Nimeona nikuandikie wewe mwenyewe yale niliyoyaruka, ili angalau tusidanganyane sisi wawili.

Mama alipofariki nilikuwa ndiyo kwanza nimeingia kidato cha kwanza. Hukulia mbele ya watu. Uliendelea kuvaa shati jeupe la mikono mifupi, ukaendelea kuwa mwalimu mkuu, ukaendelea kufika shuleni kabla ya kengele. Nyumbani ndiko maneno yalikokuishia. Uliitikia salamu, uliuliza kama kuna chumvi, ukamaliza. Shangazi Hawa alikuja kutoka Rutamba kutupikia siku arobaini, akaona hali yako, akakaa miaka. Yeye ndiye aliyekuwa anazungumza kwa niaba ya nyumba nzima. Jina la Mama halikutajwa. Mimi niliogopa kulitaja kwa sababu yako, na sasa najua wewe uliogopa kwa sababu yangu. Basi tukawa tunapishana sebuleni kama wapangaji.

Nilipomaliza kidato cha nne nikarudi nyumbani kusubiri matokeo. Kusubiri matokeo si kazi, na mtu asiye na kazi huona mengi.

Ndiyo ilikuwa enzi ya ruksa. Foleni za sukari zilikwisha, na maduka ambayo zamani yalikuwa na viberiti na vumbi tu yakajaa sabuni za kunukia, redio kaseti na marobota ya mitumba. Karibu na stendi alikuwepo Mama Anjela, mjane wa Kimakonde kutoka Newala, ambaye binti yake Anjela alikuwa ameolewa Masasi. Alikuwa mnene, mcheshi, wa kanisani kila Jumapili, na alikuwa na sauti iliyoumbwa kwa ajili ya kuuza mashati. Alikwenda Dar es Salaam kufuata marobota, akapita kwenye mnada wa mizigo ya bandarini, akaona kabati refu limeviringishwa makaratasi na kamba, nyuma linaning'inia waya wa umeme. Akajua ni friji. Akalinunua ili auze juisi ya ubuyu ya baridi.

Lori lilikwama siku sita likisubiri pantoni la Rufiji, mvua inanyesha. Siku sita hizo Mama Anjela alilinda friji lake kwa turubai akiwa yeye mwenyewe ameloa. Lilipofika Lindi na makaratasi kufunguliwa, halikuwa na mlango. Lilikuwa na kioo, na chini ya kioo mkono mmoja wa kuongozea na kitufe chekundu. Fundi redio akalichomeka, likapiga kelele kama mbuzi aliyekanyagwa, kioo kikajaa nyota na ndege moja ndogo. Mama Anjela alikaa juu ya robota akamuuliza fundi kama ndani yake hakuna hata sehemu ndogo ya kugandishia.

Wewe huhitaji kuelezwa mchezo ule ulivyokuwa. Niruhusu nieleze hivyo hivyo, maana mimi nilichelewa kuuelewa na bado najivunia. Picha yake ilikuwa imelazwa mshazari, kama vile umekaa juu ya paa la jirani unachungulia ngome ya watu. Ndege inatoka pembe ya chini kushoto, inakwenda pembe ya juu kulia, na njiani kuna kuta. Kila ukuta una uwazi mahali pake, mwingine juu, mwingine chini. Ukivuta mkono unapanda, ukisukuma unashuka. Taabu ni kwamba katika picha ya mshazari huwezi kujua kama ndege iko juu au iko pembeni, zote mbili zinaonekana sawasawa. Huku unapigwa mizinga, huku mafuta yanaisha, na mafuta huyapati mpaka uyalipue mapipa ya adui, jambo ambalo mpaka leo sijalielewa.

Tundu la sarafu lilitaka sarafu za nchi nyingine. Fundi akaling'oa, akaunganisha swichi ya kengele ya mlangoni chini ya meza ya Mama Anjela. Mteja akilipa, yeye anabonyeza, ndege inaondoka. Mji mzima ulikuja kujaribu, na mji mzima uligonga ukuta wa kwanza. Wapagazi wa stendi waligonga. Karani wa posta, aliyewahi kupanda ndege ya kweli, aligonga vibaya kuliko wote. Wanafunzi wako wakaanza kutoroka vipindi ili nao wakagonge.

Siku uliyokwenda na fimbo mimi sikuwepo. Nimehadithiwa na Mama Anjela mara nyingi, na kila mara fimbo inarefuka. Anasema ulipoingia mlangoni, watoto saba walitorokea dirishani. Mkabaki wewe, yeye na mashine. Ukamwambia kwamba anaharibu watoto wa watu. Akakusikiliza mpaka mwisho, kisha akakuuliza kama umewahi kuujaribu mchezo wenyewe. Ukasema mtu mwenye akili zake hawezi. Akasema hata wasio nazo hawawezi, hajaonekana aliyevuka ukuta. Akabonyeza kengele bila kukutoza. Ukashika ule mkono ili tu umwonyeshe upuuzi wake, ukagonga ukuta. Ukavua miwani, ukaifuta, ukaivaa.

"Hii picha imechorwa vibaya," ukasema.

Akabonyeza tena, ukagonga tena. Ukatoka kwa heshima zako zote, fimbo ukaiacha mezani. Kesho yake ulirudi kuifuata fimbo. Ukaisahau tena.

Sisi nyumbani tulichoona ni kwamba kila siku baada ya alasiri ulioga, ukachana nywele, ukavaa shati lililopigwa pasi, ukasema unakwenda kikaoni. Shangazi aliuliza ni kikao gani hicho kisichokuwa na siku ya mapumziko. Mchana ukijilaza kwenye kiti cha uvivu ulikuwa unaongea usingizini, wewe ambaye hata ukiwa macho hukuwa unaongea. "Mafuta," ulisema siku moja. "Mafuta yanaisha." Shangazi akatoka jikoni amebeba chupa iliyojaa, ameumia moyo, maana katika maisha yake hajawahi kuishiwa mafuta bila kujua. Siku nyingine ulisema, "Panda. Panda. Shuka sasa." Shangazi akakaa na maneno hayo mpaka jioni, akafikia uamuzi kwamba kuna mwanamke, na kwamba mwanamke huyo anakaa ghorofani.

Mimi sikutaka kuamini, mpaka nilipokuwa nafuta vumbi mezani kwako. Chini ya madaftari ya kusahihisha nikakuta karatasi ya miraba. Ulikuwa umechora jengo kwa rula, mshazari, kwa ustadi wako wote. Kuta nne, kila moja na uwazi wake, vimo vimeandikwa pembeni. Kwenye ukuta wa pili uliandika "pita chini". Kwenye wa tatu, "mapipa mawili kulia". Nilimpelekea Shangazi. Hakujua kusoma vizuri lakini ramani ya nyumba aliijua. Aliigeuza mara mbili tatu.

"Anamjengea," akasema. Kisha akaitazama tena. "Na choo hajaweka."

Nilicheka, halafu nikaingia chumbani nikalia. Nilikuona unamjengea mtu nyumba wakati sisi ulikuwa hutupi hata neno. Nilijiambia kwamba huyo mwanamke akiletwa, nitahamia kwa ndugu za Mama kule Kiswere, na wewe utabaki kumuuliza yeye kama kuna chumvi.

Kesho yake Shangazi akaniambia nikufuate. Nikajifunga mtandio nikakufuata kwa mbali, na wewe ulikuwa unatembea haraka kama mtu anayewahi basi. Ulipita nyumba zote za ghorofa. Uliingia kwa Mama Anjela. Moyo ukanipiga, maana Mama Anjela nilimjua na nilimpenda, alikuwa ameniuzia sketi ya shule. Nilijibanza stendi zaidi ya saa nzima nikijipa moyo, kisha nikaenda mpaka dirishani, nikasogeza pazia kwa kidole.

Ulikuwa umesimama mbele ya lile kabati, kofia imerudi kisogoni, jasho linakutoka. Nyuma yako wanafunzi kama kumi walikuwa wamekaa sakafuni safu kwa safu, wamefunga mikono, kimya kuliko darasani. Baadaye nilikuja kujua sheria yako: hakuna kuingia kabla ya saa kumi na moja, na hakuna kuingia bila kuonyesha hesabu za siku hiyo zimekwisha. Mama Anjela alikuwa upande mmoja, mkono mmoja kwenye kengele, mwingine unaipepea mashine kwa kipepeo cha mkaa, kwa sababu ilikuwa na tabia ya kupata joto. Ukavuka ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mtoto mmoja akanong'ona, "Mafuta, Mwalimu." Ukageuza macho kuyatafuta mapipa, ukagonga.

Ukacheka. Baba, ulicheka mpaka ukashika kabati ili usianguke. Nilikuwa sijasikia kicheko chako tangu Mama alipokuwa hai, na nilikuwa nimekwisha kusahau kwamba kinaanzia puani.

Sikuwa na muda wa kukifurahia, kwa sababu Shangazi Hawa hakuwa ameniamini. Alikuwa amenifuata mimi. Akanipita pale dirishani, kanga imekazwa kiunoni, akaingia mlangoni na kusimama katikati ya watoto.

"Nimekuja kumwona huyo mwanamke," akasema.

Watoto wote wakamgeukia Mama Anjela. Mama Anjela, na kipepeo chake, akainyooshea mashine mkono.

"Ni huyu hapa, dada. Na hajampa hata siku moja alichokitaka."

Shangazi alilizunguka lile kabati. Alitazama nyuma, alitazama waya, akachungulia kwenye matundu ya pembeni. Kisha akakuuliza mbele ya wanafunzi wako kama huyu ndiye anayekaa ghorofani. Hukuelewa swali. Ukaniona mimi mlangoni, ukarekebisha kofia, ukauliza nimefuata nini. Nikasema Shangazi alikuwa na wasiwasi wa mafuta.

Usiku ule nilitarajia aibu ikurudishe kwenye ukimya wako. Badala yake, wakati wa chakula ukaniuliza nadhani kwa nini watu wanagonga. Nikasema sijui. Ukachukua viberiti vinne ukavisimamisha mezani, ukashika kijiko juu yake, ukasogeza taa. "Watu wanaitazama ndege," ukasema. "Usiitazame ndege. Tazama kivuli chake. Kivuli ndicho kinachosema ukweli kuhusu kimo." Kilichofuata ni maneno mengi kuliko uliyokuwa umeniambia kwa miaka minne, na yote yalihusu kivuli. Shangazi aliondoa sahani taratibu, bila kuzigonganisha, asije akakukatiza.

Tangu hapo nikawa nakufuata huko, saa kumi na moja, pamoja na wanafunzi. Mchezo ukiisha, mashine ilimruhusu aliyefanya vizuri aandike herufi tatu. Watoto waliandika majina yao. Wewe uliandika MKU, kwa maana ya Mwalimu Mkuu, kwa sababu ulisema mtumishi husaini kwa cheo. Kila umeme ulipokatika majina yote yalifutika, na umeme wa Lindi ulikuwa unakatika, kwa hiyo kila siku ulipanda tena mpaka juu ya orodha kama mtu aliyeajiriwa upya. Siku moja mimi nilikupita. Nikaandika SOM, kwa maana ya Somoe. Hukunisemesha mpaka tulipofika nyumbani, halafu mlangoni ukasema ukuta wa tatu nilibahatisha.

Naja sasa kwenye sehemu ambayo kwenye hitma ningeiruka hata kama ningeitaja ndege. Mafundi wa umeme walibadilisha zamu, mji ukawa unapata umeme asubuhi tu mpaka adhuhuri. Kwa siku tatu ulivumilia. Siku ya nne, saa tano, darasa la saba wakiwa kwenye zoezi, ulitoka kwa dakika kumi. Dakika hizo hizo mkaguzi wa elimu alishuka kwenye gari bila taarifa. Alikuta ofisi yako iko wazi na kiti kitupu. Akamuuliza mtoto wa darasa la pili alipo mwalimu mkuu. Mtoto akajibu kwa adabu, "Shikamoo. Mwalimu Mkuu yuko ukuta wa nne." Mkaguzi, maskini, akalizunguka jengo la shule akihesabu kuta.

Kamati ya shule ikaitisha wazazi. Mama Anjela alikuja nyumbani mchana ule akasema yuko tayari kusimama na kuapa kwamba ulikwenda dukani kutafutia watoto maskini sare. Shangazi aliona ni wazo zuri sana, akaanza hata kupanga ni mashati mangapi. Wewe ukakataa. Kwenye mkutano, mwenyekiti aliposoma shitaka, watu walikuwa wanazuia vicheko. Ukasimama.

"Nilikuwa nacheza," ukasema. "Watoto wenu niliwakataza kuja saa za masomo, kisha nikaenda mimi. Cheo hicho sikistahili."

Hakuna aliyecheka tena. Baadhi ya wazazi walitaka usamehewe, lakini ulikuwa umekwisha kukaa na kutoa funguo za ofisi mfukoni. Wakakuacha ubaki mwalimu wa hisabati. Mkuu mpya aliletwa, kijana mwenye pikipiki.

Hukwenda tena kwa Mama Anjela. Wiki ya kwanza tulisema ni aibu, itapita. Wiki ya tatu ulikuwa umerudi kwenye chumvi. Ulikaa sebuleni na madaftari, ukisahihisha hata yaliyokwisha kusahihishwa. Nilijaribu kukuuliza habari za kivuli ukasema hayo yamekwisha. Shangazi ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alikuletea chai, akakaa mbele yako, na yeye hakuwa anakaa mbele yako, alizoea kukusemea kutoka jikoni.

"Kaka," akasema, "cheo wamechukua, sawa, ni chao. Kucheka hawajachukua, umewapelekea mwenyewe. Nenda kwenye mashine yako. Mimi nimechoka kuongea peke yangu humu ndani."

Ulimaliza chai yote. Kisha ukaenda kuoga.

Siku ile nilikuwa nyuma yako. Ulivuka kuta nne, ukafika mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika, na mwisho wa mchezo mashine ikakuuliza herufi tatu. Ulisita. Watoto walikuwa wanatazama. Ukaandika MWL, taratibu, herufi moja moja, ukaitazama ilivyokaa. Mama Anjela alitazama pembeni akijifanya anapanga soksi. Nami nilijua kwamba umepona.

Dude lile la mwisho, lile lililokuwa linasimama baada ya kuta zote na kombora begani, ulilifikia mara moja tu maishani. Mji mzima uliitwa. Ulikuwa umelilenga, kivuli kimekaa sawa, kidole kiko kwenye kitufe, na umeme ukakatika. Watu waliguna kama timu imefungwa. Wewe ukaachia mkono, ukasema, "Alhamdulillahi, nimeliona," ukaomba maji ya kunywa.

Masika ya mwaka uliofuata paa la duka lilivuja. Mashine ikatoa moshi mwembamba, ikapiga mlio mmoja wa mbuzi, ikazima. Fundi aliifungua akakuta mjusi amekaa mahali ambapo umeme unapita, naye amekwisha. Hakuna aliyeweza kuitengeneza, wala vipuri vyake havikuwa na mtu anayejua vinakotoka. Wanafunzi wako walikuja nyumbani kukupa pole, wamepanga mstari, na ukaipokea pole kutoka kwa kila mmoja. Shangazi aliwapikia uji.

Kesho yake, baada ya alasiri, ulioga, ukachana nywele, ukavaa shati lililopigwa pasi, ukatoka.

Shangazi aliweka mwiko chini. Tukatazamana.

"Mashine si imekufa?" akauliza.

Ulikwenda siku hiyo, na iliyofuata, na wiki nzima. Ijumaa ulirudi ukaniita barazani. Ulivua kofia ukaivaa tena.

"Somoe, mashine imekufa," ukaniambia.

"Najua, Baba."

"Nami bado naenda."

Nilikasirika, nakiri. Nilikuwa nimekwisha kujiona mjinga mara moja kwa kudhani kuna mwanamke, na sasa mwanamke kweli yupo, na ni yule yule niliyekwisha kumwondolea shaka. Nilikuuliza kama ulikuwa unamfuata yeye tangu mwanzo. Ukafikiri kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa swali la hesabu, ukasema tangu mwanzo ulifuata ukuta, na hujui ni ukuta wa ngapi ulipoanza kumfuata yeye. Nikakwambia nahitaji muda. Ukasema muda upo.

Nilikwenda kwa Mama Anjela peke yangu, nimejiandaa kwa maneno makali. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanipa robota nikalie. Nikamuuliza anajua nini kukuhusu wewe. Akaniambia kwamba kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na moja, kabla ya wanafunzi kuruhusiwa, mlikuwa wawili, mlango uko wazi barabarani. Kila ulipogonga, mashine ilichukua muda kabla ya kuanza tena, na katika muda huo ulikuwa unaongea, umeipa uso mashine, mgongo kwake.

"Habari gani?" nikauliza.

"Za mama yako, mwanangu. Hakuwahi kunisimulia kitu kingine."

Alinihadithia moja palepale. Kwamba ulipopelekwa Kiswere ukiwa kijana kufundisha watu wazima kusoma na kuhesabu, uliandika hesabu ubaoni, na msichana mmoja aliyekuja kumsindikiza bibi yake akasema kutoka nyuma kwamba jibu si hilo. Ukalikagua jibu lako mbele ya wazee wote wa kijiji, ukakuta ni kweli. Baba, mimi sikuwa najua hata kwamba Mama alijua hesabu. Nilikuwa nimekaa miaka minne na mume wake nyumba moja, nikaja kuyapata maneno hayo kwenye duka la mitumba. Nililia juu ya robota la makoti. Mama Anjela akanipepea kwa kile kipepeo, nadhani kwa mazoea.

Mlioana baada ya mfungo. Shangazi Hawa alisimamia pilau na aliwaambia wageni wote kwamba yeye ndiye aliyegundua mapema.

Nimekaa na mama huyu sasa zaidi ya nilivyojaaliwa kukaa na wa kwanza. Tangu ututoke yuko kwangu, magoti yanamsumbua, Jumapili nampeleka kanisani kwa bajaji na kumsubiri nje. Mchana tunabangua korosho barazani, naye ananihadithia. Mama alivyokuwa anaogopa kuku. Mama alivyoimba mimi nilipokataa kulala. Ulivyomnunulia viatu vya namba isiyo yake, akavivaa mwaka mzima asikuvunje moyo, na ukagundua ulipomwona anatembea peku nyuma ya nyumba. Mambo hayo yote uliyamwaga mbele ya kioo kile kwa sababu kunitazama mimi na kuyasema hukuweza. Zamani nilikuwa na kinyongo juu ya hilo. Sasa nadhani uliyaweka mahali ambapo ulijua yatatunzwa.

Iko moja tu anayoninyima. Anasema ulimsimulia siku ulipofika kwa lile dude la mwisho, umeme umekatika na watu wamekwisha kutawanyika, na kwamba inahusu siku niliyozaliwa. Anasema ulimwomba aiweke mpaka nitakapokuwa tayari. Nimemwomba miaka yote hii, ananiambia bado, kula korosho.

Leo aliniona naandika akauliza ni barua ya nani. Nilipomwambia ni yako, akanitazama ninavyofuta macho na kucheka papo hapo. Kisha akasema nikimaliza niende nikakae karibu naye, na nije na leso, korosho leo zisubiri.

Basi niishie hapa, Baba. Amekwisha kunitengea nafasi kwenye mkeka. Mwenyezi Mungu akukunjulie kaburi lako, na umsalimie Mama, umwambie namfahamu.

Mwanao,
Somoe